Nairobi hadi New York: kwa nini kwenda ni saa 15 na kurudi ni saa 14

Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York bila kutua popote njiani. Ratiba ilitangaza saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Ndege ni ileile, Boeing 787, viwanja ni vilevile, na umbali kati yake hauongezeki wala kupungua kwa sababu abiria wamegeuza uelekeo. Sasa hiyo saa moja inatoka wapi?

Swali hili linastahili jibu la kina, kwa sababu anayelielewa anaweza kuisoma tiketi yoyote ya ndege bila kubabaika, na anaweza kumwambia ndugu aliyeko ughaibuni aje uwanjani saa ngapi bila kumkosesha kazi nusu siku.

Wengi wetu huanza na hesabu ya shule ya msingi: chukua umbali, gawanya kwa kasi. Kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na uwanja wa John F. Kennedy kuna takriban kilomita 11,840. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata saa 13 na dakika kama 10. Jibu hilo halifanani na muda wa kwenda wala wa kurudi. Hesabu haina kosa, ila imeacha nje mambo mengi, na safari yenyewe imo katika hayo yaliyoachwa.

Tuanze na huo umbali

Hizo kilomita 11,840 zimepimwa juu ya mviringo wa dunia. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani na kuchora mstari kutoka Nairobi hadi New York, mstari wako utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, kaskazini mwa Nigeria, Mali na Mauritania, kisha utaingia baharini. Unaonekana umenyooka kabisa. Lakini ukiufuata mstari huo duniani, ukishika uelekeo uleule wa dira mwanzo hadi mwisho, utasafiri karibu kilomita 12,190, yaani utakuwa umejiongezea kilomita 350 hivi.

Dunia ni tufe, na karatasi ni bapa. Haiwezekani kulibandua ganda la tufe na kulitandaza mezani bila kulivuta mahali fulani. Ramani nyingi huvuta zaidi maeneo yaliyo mbali na ikweta, ndiyo maana njia iliyo fupi kweli huonekana imepinda. Kama una tufe la darasani, bana uzi mmoja juu ya Nairobi na New York, uukaze, utaona unapokwenda wenyewe: unatoka kaskazini magharibi, unapita kaskazini mwa Uganda karibu na Lira, unaingia Sudan Kusini, Chad, Niger, kusini mwa Algeria, na nusu ya safari inakukuta jirani na Marrakech, Morocco. Kutoka hapo ni Atlantiki. Tena uzi huo hupanda hadi latitudo ya nyuzi 42 na ushei kaskazini, juu kuliko New York yenyewe iliyo kwenye nyuzi 40 na nusu, halafu ndipo hushuka kuufikia mji ukitokea upande wa juu. Abiria anayetazama ramani kwenye kioo cha kiti huona ndege kama inazunguka. Haizunguki, hiyo ndiyo njia ya mkato.

Hiki ndicho kipimo ambacho tovuti za kukokotoa umbali hukitoa. Zinachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili na kupiga hesabu ya njia fupi juu ya tufe. Kwa umbali, ziamini. Muda zinaoutoa ni jambo jingine, maana nyingi hugawanya tu kwa kasi moja ya wastani na kuongeza kama nusu saa ya kuruka na kutua, bila kujua upepo wala mipaka ya anga.

Njia fupi ya tufe pia inafichua jambo ambalo wasafiri wa Tanzania huenda hawajawahi kulipima. Dar es Salaam hadi New York kwa mstari mfupi ni kama kilomita 12,440. Ukipitia Nairobi, jumla inakuwa kama 12,510, nyongeza ya kilomita 70 tu, sawa na kutoka Dar hadi Zanzibar. Nairobi imekaa karibu kabisa na mstari wenyewe. Ukipitia Doha, jumla inafika kama 14,590, yaani zaidi ya kilomita 2,100 za ziada, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini mashariki ili ukageuke kwenda magharibi. Sisemi usipitie Ghuba. Bei, ratiba na mizigo vina uamuzi wake, na kusubiri saa nane Nairobi kunaweza kuufuta ubora wote wa njia fupi. Ila ujue unachokinunua.

Mstari mfupi si lazima uwe njia

Anga lina wenyewe. Kila nchi inaweza kulifunga anga lake, au kuwazuia wa nchi fulani, na vita hulifunga bila kuuliza mtu. Mapigano yalipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga la Sudan lilifungwa, na ndege za kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zilizokuwa zikilikata katikati zililazimika kuzunguka. Abiria wa Nairobi au Dar aliyekuwa akienda Ulaya alikaa angani muda mrefu zaidi, na mafuta ya ziada yakaingia kwenye gharama. Februari 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizifungia anga lake ndege zilizosajiliwa Rwanda. Ukitazama Kigali ilivyo karibu na mpaka wa Kongo, utaelewa uzito wa katazo hilo kwa kila safari inayoelekea magharibi.

Mfano mkubwa zaidi uko mbali nasi. Tangu Februari 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti juu ya Urusi, na safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ikichukua saa tisa na nusu hivi, ikawa ya takriban saa 13. Miji haikusogea hata hatua moja.

Muda unaoandikwa kwenye tiketi

Tiketi haihesabu muda wa kuwa hewani. Inahesabu kuanzia ndege inaposukumwa kutoka langoni hadi inaposimama langoni kule ilikokwenda. Ndani yake kuna kutembea ardhini kuelekea njia ya kurukia, kusubiri foleni, kupanda taratibu hadi kimo cha kusafiria, kushuka taratibu, kusubiri ruhusa ya kutua, na kutembea tena ardhini. New York ni miongoni mwa sehemu zenye msongamano mkubwa wa ndege duniani, na dakika 20 au 30 za kujivuta ardhini si habari ya kushangaza. Mashirika nayo huongeza akiba kidogo kwenye ratiba ili kuchelewa kwa kawaida kusiharibu mpango wa siku nzima. Ndiyo maana mara nyingine rubani hutangaza kwamba mmefika mapema ingawa mlichelewa kuondoka.

Katika safari ndefu dakika hizi humezwa. Katika safari fupi ndizo zinazotawala. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 850 hivi kwa anga. Kwa kasi ya kilomita 900 ungesema ni chini ya saa moja, lakini ratiba husema saa moja na nusu hivi, kwa sababu ndege inamaliza kupanda na muda si mrefu inaanza kushuka. Kasi yake kamili inaitumia kwa muda mfupi tu. Ikiwa umepangiwa ndege ya mapangaboi, ambayo hata ikitulia huenda kama kilomita 600 hadi 650 kwa saa, muda unaongezeka tena. Hata hivyo barabara ya Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa hiyo ndege inashinda mara mbili: kwa kasi na kwa umbali.

Dar hadi Zanzibar ndiko kunakoonyesha mwisho wa ubora huo. Kilomita 73 kwa anga, dakika 20 hivi hewani. Boti ya kasi ni kama saa mbili. Lakini ukihesabu foleni ya barabara ya kwenda uwanjani, kufika mapema, ukaguzi, na kusubiri begi, kwa mtu anayeishi Kariakoo na anayekwenda Mji Mkongwe tofauti inabaki ndogo mno, na siku nyingine boti inashinda.

Sasa ile saa moja

Sababu ni upepo. Katika kimo cha kilomita tisa hadi 12, ambako ndege hizi husafiri, kuna mito ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki, myembamba na yenye nguvu. Huzaliwa na tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha za dunia, pamoja na mzunguko wa dunia unaoukunja upepo kuelekea mashariki. Wakati wa baridi kaskazini tofauti hiyo ya joto huwa kubwa, na upepo huo unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Mmoja wa mito hiyo hukatisha Atlantiki ya Kaskazini, hasa pale ndege ya New York inapopita. Mwingine hukaa juu ya Afrika Kaskazini miezi ya baridi.

Ndege hupima kasi yake kwa hewa inayoizunguka. Ikienda kilomita 900 ndani ya hewa ambayo yenyewe inasogea kinyume kwa kilomita 70, ardhini imesogea 830 tu. Upepo ukiwa mgongoni inasogea 970. Chukua nusu ya pili ya safari yetu, kutoka Marrakech hadi New York, kama kilomita 5,900. Kwa 830 ni saa saba na dakika sita. Kwa 970 ni saa sita na dakika tano. Umeiona saa yetu? Upepo wa wastani wa kilomita 70 tu, kwa nusu ya njia, unatosha kuizaa. Siku upepo ukiwa mkali zaidi tofauti huongezeka, siku ukilegea hupungua, na ndiyo maana saa 15 na saa 14 ni takwimu za ratiba ambazo safari ya siku moja moja huzipita au kuzipungukia.

Wapangaji wa safari huujua upepo huo saa nyingi kabla ya kuruka. Kurudi huutafuta mto na kuukalia. Kwenda huukwepa, hata kwa kuongeza kilomita, kwa sababu njia ndefu yenye hewa tulivu inaweza kuwa fupi kwa muda. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina Ciara iliusukuma mkondo wa Atlantiki kwa nguvu isiyo ya kawaida, na ndege ya British Airways ikafika London kutoka New York kwa saa nne na dakika 56. Kasi yake ardhini ilipita kilomita 1,200 kwa saa, ingawa ndani ya hewa yake ilikuwa ikienda mwendo wa kawaida.

Kwetu pwani jambo hili lingetakiwa liwe rahisi kueleweka kuliko kokote. Majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na kaskazi, yakasubiri Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa hadi kusi ivume, ndipo yakarudi. Nahodha hakuulizwa Muscat ni maili ngapi. Aliulizwa upepo umegeuka au bado. Ndege haisubiri miezi, lakini bado inaishi na pepo zake.

Si mzunguko wa dunia unaoisogeza New York

Kuna maelezo yanayosambaa sana: kwamba dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege ya kwenda magharibi hukutana na mji unaoijia, na ya kwenda mashariki huufukuza mji unaoikimbia. Yangekuwa kweli, kwenda New York kungekuwa kufupi kuliko kurudi. Ratiba inasema kinyume.

Ardhi ya Nairobi, kwa kuwa iko karibu na ikweta, inasogea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Ndege iliyoegeshwa inasogea nayo. Abiria anasogea, na hewa yote juu ya Nairobi inasogea. Ndege inaporuka haiachwi nyuma, kwa sababu imeondoka ikiwa tayari na mwendo huo na imeingia katika hewa yenye mwendo huohuo. Dunia inahusika kwa kupitia upepo tu, kama nilivyoeleza, basi.

Kimo cha Nairobi

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini msukumo mdogo, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka, au ibebe mzigo mdogo. Safari ya saa 15 inataka mafuta mengi sana tangu mwanzo. Njia ya kurukia ya Nairobi ni ndefu, zaidi ya kilomita nne, na hiyo inasaidia. Kuondoka usiku nako kunasaidia, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito kuliko ya mchana. New York iko karibu na usawa wa bahari, hivyo ndege inayorudi haina tatizo hilo. Kimo hakibadilishi muda wa safari moja kwa moja, bali kinaamua kama safari ya moja kwa moja inawezekana na kwa mzigo kiasi gani.

Saa za ukutani

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo ningependa msomaji atulie.

Tuchukue tiketi ya mfano ya Januari. Kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25 kesho yake. Kwa saa zetu ni saa tano na dakika 25 usiku hadi saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Ukitoa, unapata saa saba, na mtu anaweza kufurahi kwamba Marekani si mbali. Sasa kurudi: kuondoka New York 12:25, kufika Nairobi 10:25 kesho yake. Hiyo inaonekana kuwa saa 22.

Kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Kwenda, ongeza nane kwenye saba: 15. Kurudi, toa nane kwenye 22: 14. Kuna njia ya kujihakiki bila hata kujua tofauti ya saa: jumlisha muda unaoonekana wa kwenda na wa kurudi. Saba na 22 ni 29, sawasawa na 15 na 14. Tofauti ya saa hujifuta yenyewe ukijumlisha pande zote mbili, mradi saa hazikubadilishwa katikati ya safari zako.

Maana zinabadilishwa. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katika kipindi hicho tofauti na Nairobi ni saa saba. Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Afrika Mashariki hatubadilishi. Kwa hiyo kuna wiki chache Machi na siku kadhaa kabla na baada ya Novemba kuanza ambapo tofauti uliyoizoea kati yako na ndugu wa London na wa New York haiendi sambamba. Anayeunganisha ndege wiki hizo azisome saa upya.

Hata ndani ya ukanda wetu jambo hili lipo. Kenya, Uganda na Tanzania ziko saa moja mbele ya Rwanda na Burundi. Safari ya Entebbe hadi Kigali ikichukua saa moja kutoka lango hadi lango, ukiondoka saa nne asubuhi utafika saa nne asubuhi. Kongo ina saa mbili tofauti: Lubumbashi iko sawa na Kigali, Kinshasa iko nyuma yake kwa saa moja. Doha tuko nayo sawa. Dubai na Muscat ziko mbele yetu kwa saa moja, hivyo safari ya Zanzibar hadi Muscat, kilomita 3,900 hivi, huonekana kwenye tiketi kuwa ndefu kwa saa nzima kuliko ilivyo, na kurudi huonekana fupi kwa kiasi hichohicho.

Mgonjwa anayemeza dawa kila baada ya saa 12 ahesabu saa zilizopita tangu dozi ya mwisho, wala asifuate saa ya ukutani ya mji aliofikia. Na kama dawa ni insulini, apange na daktari kabla ya kusafiri, siyo akiwa kwenye kiti.

Limebaki moja, nalo limewaacha watu wengi uwanjani na mabegi yao. Tiketi hutumia saa 24, na tarehe hubadilika saa sita kamili ya usiku. Sisi tumezoea kuuhesabu usiku mzima kama kitu kimoja. Tiketi ikiandika 00:30 tarehe 14, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 14. Uwanjani unatakiwa uwe umefika jioni ya tarehe 13, kabla ya saa nne usiku. Anayefungasha siku ya tarehe 14 mchana ili aondoke usiku wake, ndege yake ina zaidi ya saa 12 tangu iruke.